Kipande cha Sita cha Abiria wa Juzi

Na huyo aliyeniambia eti kipande ni kipande tu, mzee asome kingine, akija tena upande wetu avuke barabara mapema. Nilimwambia mbele za watu na sasa naandika, asije akasema hakusikia. Kingine kipi? Mtu ana kiu, unampa kikombe kikavu, unamwambia hiki nacho si kikombe? Halafu unacheka. Cheka tu, zamu yako inakuja.

Nimezunguka mtaa huu mpaka mbwa wamezoea harufu yangu. Kila mlango ninaopiga hodi natazamwa kama nimekuja kuomba figo. Ninachotaka ni karatasi. Karatasi chache za zamani zilizoshonwa kwa uzi mnene, jalada lake la mfuko wa saruji. Mmoja wenu anazo. Na wakati huyo mmoja anazikalia, mjomba wangu amelala wodini na mirija puani akisubiri kupasuliwa kifua, na kitu pekee alichoniomba tangu alazwe ni hizo karatasi. Hakuomba matunda. Hakuomba redio. Kwa hiyo leo nasema yote, na atakayeumia apake dawa.

Kwa wale mnaojua kibanda lakini hamumjui mwenyewe: mjomba ni kaka wa mama yangu, tumbo moja, na kwa kazi ni fundi wa viti vya magari. Si mtu wa vitabu. Ujana wake wote uliishia kiwandani akivuta ngozi juu ya sponji, na sindano ndefu kuliko kidole, na uzi wa nta unaokata mkono kama wembe. Kiwanda kilipofungwa alitoka na vitu viwili, sindano zake na kikohozi. Akafungua kibanda, akawa anarekebisha viti vya mabasi na makochi ya watu wanaokaa vibaya.

Ikatokea shule moja inafungwa, wanatupa samani. Mjomba akaenda kuwinda sponji ya kiti cha mwalimu mkuu. Nyuma ya jengo akakuta vitabu vimemwagwa. Watu walikuwa wameshapita. Kamusi zimeondoka, vitabu vya hesabu vimeondoka, vya sheria vimechukuliwa na mtu ambaye hata kesi hana. Vilivyobaki ni vile visivyokuwa na mtihani: riwaya za kubuni za kisayansi, na karibu zote za aina moja, za watu wanaosafiri katika wakati. Mtu anaingia kwenye mashine leo anatokea jana. Mtu analala kidogo, akiamka mjukuu wake ana mvi kuliko yeye. Hakuna aliyezitaka. Mjomba akazipakia kwenye mkokoteni juu ya sponji yake. Mama yangu aliposikia akasema ndugu yake amepata takataka za kufanana naye.

Niseme mapema, mama na mjomba walikuwa hawaongei. Wanakaa mitaa inayopakana, wanapishana sokoni, kila mmoja anaangalia nyanya. Mimi nimekua nikitumwa kati yao kama waya wa simu. Mwambie huyo mjomba wako. Mwambie huyo mama yako. Nikiuliza kuna nini, mama anasema mjomba aliondoka kwa bibi, mama yao, vibaya, basi, anatia kufuli mdomo. Mjomba yeye hasemi hata hilo.

Turudi kwenye vitabu. Wateja wa viti walikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo mjomba akawa anasoma huku anasubiri. Bucha, yule mwenye duka la nyama la pembeni, akaazima kimoja. Kabla hajakirudisha, Profesa akakitaka. Profesa huyu anauza vioo vya kujitazamia na fremu za picha, na hajawahi kuwa profesa wa kitu chochote isipokuwa mdomo wake. Wakakivuta, huyu huku huyu kule, wanaume wazima, karatasi zinalia. Mjomba akainuka na kisu cha kukatia ngozi. Bucha akaachia haraka, maana yeye anajua kisu. Mjomba akakiweka kitabu mezani, akakikata kati kama mkate, akatoboa kila nusu kwa sindano, akashona kwa uzi wa viti, akabandika majalada ya mfuko wa saruji. Akawaambia haya, kila mtu na chake, mkimaliza badilishaneni. Profesa ndiye aliyepata nusu ya mwisho. Akaisoma hivyo hivyo, akarudi akasema amekielewa vizuri kuliko waliokianza mwanzo.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa maktaba yenu. Mjomba alikata vyote, kila kitabu vipande sita, ili kitabu kimoja kisomwe na watu sita kwa mpigo. Unatoa hela ya pipi, unapewa kipande. Ukimaliza hurudishi kibandani, unampelekea mwenzako anayekingoja, mkono kwa mkono. Nani ana nini, mjomba hakuandika popote. Alisema akianza kuandika atakuwa polisi. Sasa mnaona faida yake.

Na nyinyi mlivyo na pupa, hakuna aliyekuwa anasubiri cha kwanza. Mtu anapewa cha tano, anachukua cha tano. Mimi mwenyewe nilianza na cha nne, nikaenda cha pili, nikajikuta namlilia mtu kwa sababu nilishajua atafia wapi na yeye bado anakunywa chai. Mjomba akaniambia ndivyo wanavyojisikia wale wasafiri wa kwenye vitabu. Wanamwona mtu anacheka na wao wanajua kesho yake.

Alikuwa na maneno yake kuhusu hadithi hizi, na si maneno ya Profesa ya kuokota. Aliniambia, "Mpwa wangu, hawa wote wanaaga wakisema wanakwenda kuona wafalme na vita. Wakishafika, angalia vizuri. Kila mmoja anatafuta nyumba yao."

Nilidhani anaongea tu. Mzee kapata kikohozi, kapata na falsafa.

Sasa Abiria wa Juzi. Huu ndio moto wenyewe. Ni habari ya fundi wa lifti kwenye jengo refu. Siku moja anagundua lifti moja iliyoharibika, ukibonyeza kushuka haishuki ghorofa, inashuka miaka. Yeye alikuwa amegombana na mama yake, akamtupia neno moja baya, akaondoka, na mama akafariki hawajapatana. Kwa hiyo anaanza kushuka. Mara ya kwanza anapitiliza, anatokea hajazaliwa. Mara nyingine anafika siku yenyewe lakini amechelewa, anajiona mwenyewe kwa mgongo akiondoka na begi. Vipande vitano vyote ni kukosea. Mwisho wa kipande cha tano anafika. Yuko mbele ya mlango, ndani anasikia kiti kinaburutwa, mama yuko hai. Anainua mkono apige hodi. Kipande kinaisha hapo hapo. Mjomba alikata pale bila kujua, kisu hakisomi.

Je, alipiga hodi? Mngesoma cha sita mngejua, sivyo? Mlikisoma. Kikazunguka mtaa mzima. Na mlichokisoma ni hiki: mwanamke asiyetajwa jina anaamka kwenye chumba chenye saa nyingi, zote zimesimama. Anafungua dirisha, anamwambia mtu aliye chini kwamba amechelewa, anafunga dirisha. Mwisho. Lifti hakuna. Fundi hakuna. Mlango hakuna.

Na hamkushtuka.

Mlikaa kwenye benchi la kibanda mkagombana. Profesa akasema yule mwanamke ndiye mama, amerudishwa usichana na mionzi ya lifti. Bucha akasema hapana, yule ndiye fundi mwenyewe, safari ndefu inachosha mwili, mwanaume anaweza kushuka mwanaume akafika mwanamke. Msusi wa saluni ya kona akamuuliza kama ndiyo maana yeye Bucha akienda safari za jioni harudi kwa mkewe. Mtu mwingine akasema saa zilizosimama ni dhambi. Watu walinuniana. Kuna ndugu wawili walikula meza tofauti kwa sababu ya lile dirisha. Na kila mmoja akawa anamaliza kwa kusema, ndiyo mambo ya safari za wakati hayo, lazima uwe na akili.

Mjomba peke yake ndiye hakuwa amekisoma cha sita. Kilipokuwa kinabandikwa jalada, wateja walikuwa wamemsimamia kichwani, wakakichukua gundi ikiwa mbichi. Baada ya hapo hakikutulia. Nikimuuliza anasema atakisoma kikitulia. Miaka imepita anasema kikitulia. Mama yangu, kwa umbea wake wa kuulizia mtu ambaye haongei naye, aliwahi kuniambia kwamba mtu anayetaka kitu hangoji kitulie. Sikumwelewa.

Kifua kikamzidi. Akalazwa. Daktari akatuita mimi na mama pembeni, mama akaja lakini akasimama koridoni, hakuingia wodini, akasikiliza yote yanayosemwa kuhusu moyo wa ndugu yake akiangalia ukuta. Upasuaji ni Alhamisi. Daktari ni mtu mwenye adabu, hakusema atapona wala hatapona, alisema tu tuwe karibu.

Mjomba akaniambia niende nikusanye Abiria wa Juzi, nimsomee, chote, kwa mpangilio. Mnakumbuka nilivyopita? Wengine mlinipa ushirikiano, wengine mlinipa makavu. Kipande cha tatu nilikikuta kinafunikia ndoo. Cha sita nilikitoa kwa Profesa, chini ya mguu wa meza yake ya vioo, amekikunja kuzuia meza isitikisike. Profesa wa watu. Nilikichomoa, kioo kikayumba, akapiga kelele kama kimezaliwa kwake. Sikugeuka.

Nikawa nasoma kila muda wa kuwaona wagonjwa. Mjomba amefumba macho, mkono juu ya shuka, kidole kinatembea kama anashona. Kitanda cha jirani nacho kikanyamaza kisikilize. Tulipofika mlangoni, mkono umeinuliwa, mjomba akaniambia nipumzike kwanza. Aliogopa. Mimi nikiona mtu mzima anaogopa huwa nakasirika, sijui kwa nini. Nikafungua cha sita nikaanza.

Sikumaliza ukurasa. Akaniuliza fundi wa lifti yuko wapi. Nikampa maelezo ya Profesa, mionzi na kadhalika. Akanyoosha mkono, akaishika ile karatasi kwa vidole viwili kama anavyoshika ngozi dukani kabla ya kununua.

"Hii siyo," akasema. "Karatasi ya Abiria ni nyembamba. Hii ni ya Chumba cha Kesho Kutwa."

Chumba cha Kesho Kutwa ni kitabu kingine, cha mwanamke anayeishi na saa, nacho cha wakati, nacho vipande sita. Mjomba akakumbuka. Masika fulani, kabla vitabu hivi havijaanza kuazimwa, paa la kibanda lilivuja juu ya rafu, majalada ya vile viwili yakaoza. Akayabandua, akabandika mapya siku hiyo hiyo, na hakufungua ndani kwa sababu gundi ilikuwa mbichi na kurasa zimelowa. Akaandika majina juu kwa kukisia. Cha sita cha kitabu hiki kikavaa nguo ya kile. Tangu siku hiyo kila aliyesoma Abiria wa Juzi alimalizia na mwisho wa watu wengine, na kila aliyesoma Kesho Kutwa alimalizia na lifti.

Mjomba akacheka. Akacheka mpaka mashine ikaanza kulia na nesi akaja kunitazama kama nimemchoma mtu kisu. Alikuwa anajaribu kusema kwamba mtaa mzima umevunjiana heshima juu ya kitabu ambacho hakuna binadamu aliyekiandika. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikapita, na alipotulia uso wake haukuwa na kicheko hata tone.

"Kwa hiyo hakuna anayejua kama alipiga hodi," akasema.

Nilijaribu ujanja. Nakiri bila aibu, maana nilikuwa namhurumia. Kesho yake nikaja na kipande kile kile, nikajifanya nimekipata cha kweli, nikatunga. Nikasema fundi akapiga hodi, mama akafungua, wakakumbatiana, lifti ikapona. Mjomba hata macho hakufungua.

"Hiyo ni ya kwako," akasema. "Mama wa kwenye hiki kitabu hakumbatii."

Basi nikakiendea cha sita cha Kesho Kutwa, maana humo ndimo lifti imejificha. Nikaanza kuwauliza mliowahi kukisoma, nikidhani hata mkinisimulia itatosha. Loo. Bucha anaapa kwamba mlango ulifunguka. Mwenzake anaapa lifti iliondoka na fundi akabaki huko huko. Mwingine anasema kulikuwa na mvua, mwingine anasema kulikuwa na mbwa. Hamkusoma, mliona maandishi tu. Nilipompelekea mjomba matoleo yenu akakataa yote. Alisema hataki ya kusimuliwa, anataka yaliyoandikwa.

Mtu wa mwisho kuonekana nacho ni msusi wa saluni ya kona. Nilimkuta amemkalisha mteja, nyuzi mdomoni, na akaanza kwa kuniambia nisiingize vumbi. Nikamwambia saluni yake ina vumbi kuliko viatu vyangu. Ikawa hivyo. Mteja yuko katikati, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, anaogopa kupumua. Mwishowe msusi akasema ndiyo, alikuwa nacho, na alishangaa hadithi ya mwanamke wa saa imeingiliwa na lifti, lakini akajisemea ndiyo mambo yao hayo. Nikamwuliza kinaishaje.

"Sikumaliza," akasema. "Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi."

Anakumbuka mwanzo wake tu, kwa sababu aliusoma mara nyingi akikatizwa na wateja. Kinaanza hivi: Mkono wake ulikuwa bado hewani. Halafu mama mmoja mwenye sanduku la bluu, aliyekuja kusukwa akiwa njiani kwenda kumwona binti yake, akakiomba asome akiwa amekaa. Alipoondoka, kipande nacho hakipo benchini. Msusi hamjui. Mteja aliyekuwepo siku hiyo anasema alimwona yule mama akimpa mtu kile kipande hapo nje. Mtu gani, mtu tu. Mkono kwa mkono, si ndiyo desturi yenu?

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mama alikuwa anapiga pasi. Nikammwagia yeye. Nikamwambia ndugu yako anakwenda kupasuliwa kifua na wewe unanyoosha kola. Nikamwambia hataki chochote duniani isipokuwa kujua kama mjinga mmoja wa kwenye kitabu alipiga hodi kwa mama yake au aliondoka. Mama hakuniinulia mkono kama nilivyotegemea. Akauliza, yule wa kwenye kitabu anasikia nini ndani. Nikamwambia kiti kinaburutwa. Akachomoa pasi, akavaa viatu, akatoka. Nilimfuata nikikimbia, na mama yangu si mtu wa kukimbiliwa.

Aliingia wodini akasimama mwisho wa kitanda, mkoba begani, kama anayesubiri basi. Mjomba akafungua macho akamwona. Hawakusalimiana.

"Nasikia unatafuta mwisho wa kitabu," mama akasema. "Wako ninao mimi. Mimi nilikuwa ndani."

Mjomba akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Viatu vyako niliviona kwenye uwazi wa chini ya mlango. Vya kahawia, kimoja kina kamba nyeusi. Usiniambie hukuja. Ulikuja. Ulisimama. Na mama naye aliviona. Sufuria alilokuwa anaosha lilikuwa limeshatakata, akalisugua tena. Mimi nikataka kufungua, akanizuia kwa mkono wenye povu, akasema mwache apige hodi mwenyewe. Basi akawa anasugua, ili usikie kuna mtu. Anasugua, anasugua. Mpaka viatu vikaondoka. Wewe ukaenda zako, mimi nikabaki na mtu anayesugua sufuria safi."

Mjomba machozi yalikuwa yanaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali na hakuna aliyekuwa na akili ya kumfuta.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema.

"Ulipiga hodi lini nikakufungulia?"

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Aliona shuka limepanda, miguu ya mjomba iko nje, akalivuta chini kwa hasira, akaifunika, akaketi kwenye kiti changu. Mkoba hakuuvua. Wakakaa hivyo, mmoja anaangalia dari, mwingine anaangalia mashine, na mimi nimesimama katikati kama waya wa simu ambao umegundua kwamba hauhitajiki tena. Hawajapatana, msije mkaanza kupiga vigelegele. Jana walikuwa wanagombana kuhusu rangi ya ile kamba. Lakini wanagombana kwa mdomo wao wenyewe, hawanitumi.

Nikasema basi, kumbe mwisho tumeupata, kipande cha nini tena. Mjomba ndiye aliyenigeukia, na jicho lake lilikuwa la fundi, lile la kuangalia mshono uliopinda.

"Huo ni wangu," akasema. "Wangu nimeshaujua. Mimi nataka kujua yeye alifanya nini. Mtu mmoja tu, mpwa wangu, hata wa kwenye kitabu. Nataka kuona kama kuna aliyeweza."

Mama akasema bila kugeuza shingo, "Umesikia. Unatukodolea macho ya nini? Katafute."

Ndiyo natafuta. Nimetafuta kwa mdomo, mmenipiga chenga. Huyu hana, yule hajui, mwingine ataangalia kesho. Mjomba wangu aliwakatia vitabu ili kila mtu apate, hakumnyima mtu, hakuandika jina la mtu, na sasa hakuna mwenye dakika ya kuinua godoro lake. Kwenye benchi mlikuwa na maneno kama mvua. Leo mmekuwa na mafua.

Haya, sikilizeni, sirudii. Angalia kwenye rafu, chini ya friji, ndani ya sanduku, nyuma ya kabati, chini ya mguu wa meza. Unatafuta jalada la mfuko wa saruji lililoandikwa Chumba cha Kesho Kutwa, kipande cha sita. Kifungue. Kikianza na Mkono wake ulikuwa bado hewani, ndicho. Kama wewe ni binti ambaye mama yako husafiri na sanduku la bluu, mpigie simu sasa, umuulize alimpa nani. Usikisome kwanza. Usimpe Profesa. Usiniulize kuna zawadi gani, utanijua. Kilete kibandani, au kipeleke wodini mwenyewe, kitanda cha dirishani, umpe mwanamke mwenye mkoba begani. Kabla ya Alhamisi. Acha kusoma hapa, inuka, ukaangalie.